Zima Skrini Kwanza, Ndipo Uniambie Umesimama

Leo nina neno na wenzangu wa fani hii ya kuunda programu, na pia na wale wanaouza mitambo ya mazoezi kwa wagonjwa na wazee wetu. Neno lenyewe ni fupi: chombo cha kumfundisha mtu kusimama hakipimwi kikiwa kimewashwa, kinapimwa kikizimwa. Yeyote anayekuonyesha alama za mchezo, au picha ya ubongo yenye rangi rangi, badala ya kukuonyesha mtu aliyesimama imara bila skrini mbele yake, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kilichonichokoza ni matangazo. Siku hizi ukifungua mtandao utaambiwa kwamba ukisimama juu ya ubao fulani dakika chache kila siku ukifuata kitone kwenye skrini, mgongo utanyooka, ubongo utaamka na uzee utarudi ulikotoka. Mimi si daktari, na ukiwa mgonjwa tafadhali nenda kwa daktari. Lakini mashine hizi ndani yake ni vihisi na programu, na hayo ndiyo mambo ninayoyajua. Nikiona programu inatoa ahadi ambayo haijawahi kuijaribu, nitasema.

Kwanza, ni kitu gani hiki?

Baiofidibaki ni jina kubwa la jambo dogo. Mashine inapima kitu ambacho mwili wako unakifanya bila wewe kukitambua, kisha inakuonyesha papo hapo ili ujaribu kukirekebisha. Wazo si geni. Mwaka 1963 John Basmajian alichapisha katika jarida la Science jinsi watu waliosikia na kuona umeme wa misuli yao walivyojifunza kuamsha neva moja tu ya msuli pamoja na nyuzi zake, huku nyingine zimetulia. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani wakaunda chama cha fani hiyo.

Sasa tuje kwenye kusimama. Hakuna binadamu anayesimama kimya kabisa. Mwili ni kama mwiko uliosimamishwa kwenye kiganja: unayumba mbele na nyuma juu ya vifundo vya miguu, na misuli inaurudisha kila mara. Ukimsimamisha mtu juu ya bamba lenye vihisi vya uzito katika pembe nne, unaweza kujua uzito wake unatua wapi. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua uzito wa vihisi viwili vya kulia, toa wa viwili vya kushoto, gawanya kwa uzito wote, zidisha kwa nusu ya umbali kati ya vihisi vya kulia na vya kushoto. Hapo umepata kulia na kushoto. Fanya vivyo hivyo kwa mbele na nyuma. Chora kitone. Mwambie mtu akiweke kitone katikati ya duara. Umemaliza! Hiyo ndiyo baiofidibaki ya msawazo, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuiandika wikendi moja.

Na vifaa vilishuka bei. Mwishoni mwa mwaka 2007 Nintendo walianza kuuza kule Japani Wii Balance Board pamoja na mchezo wa Wii Fit. Ndani ya ubao ule mna vihisi vinne na Bluetooth. Haukupita muda mrefu watundu wakausoma kwa tarakilishi za kawaida bila kuhitaji mtambo wa Wii. Mwaka 2010 Ross Clark na wenzake wa Australia wakachapisha katika jarida la Gait & Posture ulinganisho wa ubao huo na bamba la maabara, ambalo bei yake ni ya kutisha. Wakaona kwamba kwa vipimo vya kusimama, ule wa mchezo ulitoa majibu ya kuaminika. Kwa sisi wa nchi za vifaa haba hiyo ilikuwa habari njema, na bado ni njema.

Kwa hiyo sina ugomvi na upimaji. Pimeni hadi mchoke. Ugomvi wangu ni hatua inayofuata, pale kipimo kinapogeuzwa kuwa mwalimu, na mwalimu akajipa alama mwenyewe. Nina sababu nne.

1. Alama si msawazo

Programu nyingi za namna hii zinamtuza mtu kwa kutotikisika. Kitone kikitulia, alama zinapanda. Je, kutulia ndiko kusimama vizuri? Mark Carpenter na wenzake wa Kanada walichapisha mwaka 1999 majaribio ya watu waliosimama kwenye ukingo wa jukwaa lililoinuliwa juu. Watu wale waliyumba kwa upana mdogo zaidi na kwa haraka zaidi kuliko walipokuwa chini. Kwa nini? Wamejikaza! Mwili umekuwa kama ubao.

Ina maana gani kwetu? Programu inayohesabu upana wa kuyumba peke yake itampa mtu mwenye woga alama nzuri. Nyanya aliyekwisha kuanguka mara moja, na sasa anajikaza kila anaposimama, atapongezwa kwa fataki kwenye skrini. Halafu mjukuu atampita mbio sebuleni, nyanya atahitaji kuyumba ili asianguke, na mwili aliofundishwa kujikaza utamwangusha kama gogo.

2. Mkongojo wa macho

Mtu akiwa na skrini mbele yake anajifunza kusimama, au anajifunza kuisoma skrini? Hili si swali langu. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walizipitia tafiti za kujifunza kwa mwili wakaonya kwamba mrejesho unaotolewa kila mara unaweza kumwongoza mtu mkono mpaka akautegemea. Akiwa nao anafanya vizuri, ukiondoka anapotea. Mwaka 1990 Carolee Winstein na Richard Schmidt walijaribu jambo hilo kwa mwendo wa mkono. Kundi moja liliambiwa matokeo baada ya kila jaribio, kundi la pili baada ya nusu tu ya majaribio. Walipopimwa baadaye bila kuambiwa lolote, walioambiwa mara chache ndio waliokumbuka vizuri zaidi.

"Lakini huo ni mkono," utasema. Sawa, tuje kwenye miguu. Mwaka 2004 shirika la Cochrane, linalokusanya na kuchuja tafiti za tiba, lilichapisha mapitio kuhusu wagonjwa wa kiharusi waliofundishwa kusimama kwa bamba lenye mrejesho wa kuona au kusikia. Tafiti zilikuwa 7, watu 246. Matokeo yake kila mwenye kuuza mashine hizi angepaswa kuyabandika mlangoni: wagonjwa walijifunza kugawa uzito sawasawa zaidi kati ya mguu wa kulia na wa kushoto, lakini hapakuonekana faida katika kuyumba, wala katika vipimo vya msawazo vya kliniki, wala katika kujitegemea.

Soma tena polepole. Kile kilichoonyeshwa na mashine kiliboreka. Yale ambayo mgonjwa aliyaendea mazoezini hayakuonekana kufuata. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: ni programu inayofanya kazi vizuri ajabu kwenye tarakilishi ya aliyeiandika, na hapo tu.

3. Kitone ni habari ya jana

Hapa ndipo mtu wa programu anapaswa kuona aibu. Ukisukumwa ghafla, misuli ya vifundo vya miguu inaanza kujibu baada ya takriban milisekunde 100, kabla hujaamua lolote. Ukitaka kujibu kwa hiari kitu ulichokiona, unahitaji kama milisekunde 200. Ongeza hapo kuchelewa kwa Bluetooth, kuchelewa kwa hesabu ya kulainisha data, na kuchelewa kwa skrini yenyewe, ambayo ikichora mara 60 kwa sekunde kila picha inakula karibu milisekunde 17. Kitone unachokifuata kinakueleza ulipokuwa, si ulipo. Unazoeza mzunguko wa polepole, ilhali anguko linazuiwa au halizuiwi na mzunguko wa haraka. Mtu aliyeteleza kwenye ngazi yenye maji hana nafasi ya kutazama kitone.

Tena kuna hili. Fay Horak wa Marekani aliandika mwaka 2006 kwamba mtu mzima wa afya, akiwa penye mwanga na juu ya sakafu imara, hutegemea kwa takriban asilimia 70 hisia za miguu na viungo, asilimia 20 kiungo cha msawazo kilicho ndani ya sikio, na asilimia 10 macho. Sakafu ikilegea au giza likiingia, ubongo unabadilisha mgawo huo. Ustadi wa kusimama ni ustadi wa kubadilisha mgawo. Na sisi kwa werevu wetu tumemsimamisha mtu penye mwanga, juu ya bamba gumu, tukampa kazi ya kukodoa macho! Tazama makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu, au mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani huku akigeuka kumwamkia jirani. Hao hawakufundishwa na kitone.

4. Ubongo umekuwa bango la biashara

Sasa tufike kwenye ubongo, maana hapo ndipo pesa zilipo. Nisieleweke vibaya: mazoezi ya msawazo yanaubadilisha ubongo kweli. Mwaka 2010 Marco Taubert na wenzake wa Leipzig, Ujerumani, waliwazoeza watu kusimama juu ya ubao unaobembea, dakika 45 mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Picha za MRI zilionyesha mabadiliko katika sehemu za mbele na za juu-nyuma za ubongo baada ya vipindi viwili tu. Ni jambo la kustaajabisha. Lakini angalia walichokuwa wanafanya: walikuwa wanajitahidi wasianguke juu ya ubao. Kilichowabadilisha ubongo ni zoezi, si kitone cha mtu.

Mwaka 2014 Luca Prosperini na wenzake wa Roma walichapisha katika jarida la Radiology utafiti wa watu 27 wenye ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi. Hao walitumia Wii Balance Board nyumbani kwa wiki 12. Msawazo ulipata nafuu na njia za neva zinazohusika na mwendo zikaonyesha mabadiliko. Huu ndio utafiti unaopendwa na wauzaji, na ni utafiti mzuri. Ila wauzaji wanasoma nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili inasema kwamba watu walipoacha mazoezi kwa wiki 12, mabadiliko hayo hayakudumu. Na ulinganisho wenyewe ulikuwa kati ya kufanya mazoezi na kutofanya, si kati ya mazoezi yenye skrini na mazoezi yasiyo na skrini. Huwezi kuutumia kudai kwamba skrini ndiyo dawa.

Halafu kuna wanaosema ubongo "unawaka" zaidi ukitumia chombo chao. Nani kasema kuwaka ni kuzuri? Mwaka 2007 Wolfgang Taube na wenzake, Ujerumani pia, waliwazoeza watu msawazo kwa wiki nne, wakapima kwa mipigo ya sumaku jinsi gamba la ubongo linavyoshiriki mtu anapotikiswa. Ushiriki ulipungua! Na wale ambao kwao ulipungua zaidi ndio walioimarika zaidi kusimama. Kazi ilionekana kuteremshwa kutoka ofisi kuu hadi kwa makarani wa chini wanaoifanya haraka bila mkutano. Dereva mwanafunzi anatokwa jasho kila anapobadilisha gia. Dereva wa miaka ishirini anabadilisha huku akipiga gumzo. Ubongo unaowaka unaweza kuwa alama ya mtu ambaye bado hajajua.

Na picha zenyewe uzitazame kwa jicho la hakimu. Mashine ya fMRI inamtaka mtu alale chali na asitikisike, kwa hiyo picha ya namna hiyo si picha ya ubongo wa mtu aliyesimama. Kipimo cha umeme wa ubongo, yaani EEG, kinaweza kuvaliwa wima, lakini misuli ya shingo na uso nayo inatoa umeme, na waya ukitikisika unaandika mawimbi yake. Bila kusafisha data kwa uangalifu utachora grafu nzuri ya shingo ukaiita ubongo.

Mnamkumbuka samaki wa Craig Bennett? Mwaka 2009 yeye na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, aliyekufa, ndani ya fMRI. Wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza wanahisi nini. Kwa hesabu za takwimu zisizosahihishwa, vituo vya "ubongo unaofanya kazi" vikajitokeza ndani ya maiti ya samaki! Walitaka kuonyesha kwamba ukifanya majaribio maelfu kwa mkupuo bila kusahihisha hesabu, hutakosa kupata jibu.

Udanganyifu wa aina hii una gharama. Januari 2016 kampuni ya Lumosity, iliyouza michezo ya kunoa akili, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuishtaki kwa matangazo ya kupotosha. Michezo ya tarakilishi si haramu. Kilichowaponza ni kuahidi zaidi ya walivyoweza kuthibitisha.

Lakini inawapa watu ari!

Najua mtaniambia hivi, na ni hoja yenye uzito. Mazoezi ya ukutani yanachosha, mchezo unamfanya mgonjwa arudi kesho. Nakubali. Tena kuna ushahidi kwamba kufikiria kitu kilicho nje ya mwili kunasaidia: Gabriele Wulf na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba watu waliotazamia alama zilizo mbele ya miguu yao ubaoni walijifunza vizuri zaidi kuliko walioambiwa waifikirie miguu yenyewe. Kwa hiyo mchezo unaweza kuwa mlango. Kosa ni kumfungia mtu mlangoni. Ari ni sababu ya kumfanya aanze. Haiwi ushahidi kwamba amepona.

Kwa nini nakasirika kiasi hiki? Kwa sababu kuanguka kunaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Na dawa ipo! Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yenye majaribio 108 na watu zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko ya wazee kwa karibu asilimia 23, hasa yale ya msawazo na ya kazi za kila siku kama kuinuka kitini na kupanda ngazi. Hayahitaji kitone wala ubongo unaowaka. Yanahitaji kiti kizito, ukuta, mtu wa kusimama karibu, na uvumilivu wa miezi.

Sasa chukua familia iliyofanya harambee kwa ajili ya baba aliyepata kiharusi. Pesa zile zina mwisho. Kila shilingi inayoingia kwenye skrini ya kupendeza haiendi kwa mtaalamu wa viungo atakayemfundisha mzee kutoka kitandani kwenda msalani usiku, gizani, sakafu ikiwa na maji. Hilo ndilo linalonikera.

Basi tufanyeje?

Kwa wenzangu waandishi wa programu:

- Andikeni programu inayojiondoa. Leo mrejesho kila wakati, wiki ijayo nusu ya muda, baadaye mwishoni tu. Ni mistari michache ya masharti.
- Kila kipindi kimalizike kwa kipimo bila skrini, na kirudiwe siku nyingine kabla mtu hajaanza kucheza. Hiyo ndiyo alama ya kuonyesha kwa herufi kubwa.
- Msitoe alama kwa kutulia pekee. Mtu ainamie kitu, ageuze kichwa, ahamishe uzito.
- Toeni data ghafi. Mtaalamu wa viungo asifungiwe ndani ya grafu yenu.
- Neno "ubongo" liondoke kwenye tangazo mpaka mtakapokuwa mmeupima, kwa watu waliosimama, mkilinganisha na zoezi lile lile bila mashine.

Kwa mnunuzi, maswali ni matatu. Mtu aliyetumia chombo hiki husimamaje kikizimwa? Baada ya mwezi mmoja bila kukitumia, anasimamaje? Na je, ni bora kuliko mtaalamu wa viungo kwa saa zile zile na pesa zile zile? Muuzaji akikujibu kwa kukufungulia picha ya ubongo, funga mkoba wako.

Mwandishi wa chombo kizuri hataogopa maswali haya, kwa kuwa chombo kizuri ni kile ambacho siku moja mgonjwa anakiacha kabatini na kwenda sokoni kwa miguu yake. Wewe waonaje? Kama umeunda au umetumia kifaa cha namna hii na una vipimo vya skrini iliyozimwa, vilete tuvisome. Vya iliyowashwa baki navyo.